Kripto ikiibwa, mwizi asubiriwe mlangoni

Tarehe 1 Januari 2023, watu wakiwa bado wanatakiana heri ya mwaka mpya, Luke Dashjr aliandika kwenye Twitter kwamba bitcoin zake karibu zote zimechukuliwa. Zilikuwa kama 200 hivi, na kwa bei ya wakati ule zilizidi dola milioni 3. Dashjr si mtu aliyeingizwa kwenye kripto juzi na shemeji yake. Ni mmoja wa waandishi wa programu yenyewe inayoiendesha bitcoin, kazi aliyokuwa ameifanya kwa zaidi ya miaka kumi. Katika taharuki ile aliwaita FBI hadharani, akilalamika kwamba hapati mtu wa kuzungumza naye.

Kisa hicho hunijia kila nikisikia hukumu ambayo huku kwetu hutolewa haraka kuliko pole: "Alizembea mwenyewe." Kijana wa Sinza au wa Kasarani akiamka na kukuta pochi yake ya kidijitali inasoma sifuri, maswali anayokutana nayo ni yale yale. Simu ulimpa nani? Ulibonyeza linki gani? Huko ulitumwa na nani? Maswali hayo yana maana yake, lakini yanamgeuza aliyeibiwa kuwa mshtakiwa wa kwanza, na yanakula muda ambao ungetumika kuuliza jambo lenye faida zaidi: fedha hizo zinaelekea wapi sasa hivi, na nani anaweza kuzizuia kabla hazijawa shilingi?

Msimamo wangu ni huu. Mtu wa kawaida hawezi kuilinda pochi yake kikamilifu, hata awe makini vipi. Pa kupambana na wizi huu ni pale mwizi anapotaka kukigeuza alichoiba kiwe fedha ya matumizi. Na serikali zetu zimeshafika mahali hapo, ila zimefika kwa ajili ya kodi tu.

Tuanze na pochi yenyewe. Ndani yake hamna sarafu. Sarafu ziko kwenye daftari la pamoja, blokucheni, linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani na kusomeka na yeyote. Kilichomo kwenye simu yako ni ufunguo, na ufunguo huo kwa kawaida hutokana na maneno 12 au 24 yaliyotolewa kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048. Anayeyajua maneno hayo kwa mpangilio wake ndiye mwenye mali. Daftari haliulizi kitambulisho cha NIDA, halipigi simu kuhakiki, halina saa za kazi. Kwa hiyo mara nyingi wizi hautokei siku salio linapofutika. Ulishatokea siku maneno yalipojulikana na mtu wa pili. Kilichobaki ni mwizi kuchagua saa.

LastPass, programu ya kutunzia nywila, inaonyesha vizuri jambo hili. Mwaka 2022 wadukuzi waliiingilia mara mbili, wakaondoka na nakala za hifadhi za siri za wateja, kila moja ikiwa imefungwa kwa nywila kuu ya mwenyewe. Wengi walisikia habari, wakaendelea na maisha. Lakini wapo waliokuwa wamehifadhi humo maneno ya pochi zao, na wadukuzi walikuwa na muda wote duniani wa kujaribu kufungua nakala moja moja. Nyaraka zilizowasilishwa mahakamani Marekani Machi 2025 ziliuhusisha udukuzi huo na wizi wa kripto ya takriban dola milioni 150 uliofanyika Januari 2024. Kati ya kuvuja na kuibiwa ulipita zaidi ya mwaka. Aliyeibiwa angeulizwa jana yake alibonyeza nini, angejibu kwa ukweli kabisa kwamba hakubonyeza kitu.

Wengine hawakukosea popote. Tarehe 2 Agosti 2022 pochi zipatazo 9,000 za mtandao wa kripto uitwao Solana zilianza kukaushwa moja baada ya nyingine. Uchunguzi ulipofanyika ikabainika kwamba programu ya pochi iitwayo Slope ilikuwa ikituma maneno ya siri ya watumiaji kwenye seva ya kurekodi hitilafu, tena yakiwa wazi, yanasomeka kama barua. Mtu aliyeyaandika maneno yake kwenye karatasi, akaifungia kabatini na asimwambie hata mkewe, alikuwa salama dhidi ya kila mtu isipokuwa programu aliyoiamini. Mwanzoni mwa Juni 2023 ikawa zamu ya watumiaji wa Atomic Wallet. Kampuni ya ukaguzi ya Least Authority ilikuwa imeshaonya Februari 2022 kwamba pochi hiyo ina kasoro zinazohatarisha mali za watu. Zilizoibwa zilikadiriwa kufika dola milioni 100, na Agosti mwaka huo FBI ikawataja wadukuzi wa Korea Kaskazini. Hebu pima: upande mmoja mtu mwenye simu ya Tecno na akiba ya dola 300, upande wa pili kikosi cha serikali. Halafu tunamwambia alizembea.

Uzembe upo, sikatai. Upo zaidi kwenye picha za simu. Mtu anafungua pochi mpya, anaambiwa aandike maneno 12 kwenye karatasi, hana kalamu karibu, anapiga skrinishoti. Picha inakwenda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni pamoja na za harusi na za watoto. Baada ya miezi simu inaanguka, kioo kinapasuka, inapelekwa kwa fundi Kariakoo au Luthuli, na anaachiwa na namba ya kufungulia "ili aijaribu". Februari 2025 kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky, ya Urusi, ilitangaza kugundua programu hasidi waliyoipa jina SparkCat. Ilikuwa imejificha ndani ya apu zilizokuwa kwenye Google Play na hata kwenye duka la Apple, na kazi yake ilikuwa kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha za simu ikitafuta maneno ya pochi. Kwa upande wa Google Play peke yake, apu hizo zilipakuliwa zaidi ya mara 242,000. Mojawapo ilikuwa ya kuagizia chakula huko Falme za Kiarabu. Apu ya chakula! Nani huwa anaishuku apu ya chakula?

Na uangalifu nao una mitego yake. Tarehe 3 Mei 2024 mtu mmoja alitaka kuhamisha kwenye mtandao mwingine wa kripto, Ethereum, tokeni 1,155 zinazowakilisha bitcoin, thamani yake karibu dola milioni 68. Alifanya kama wote wanavyofundishwa: alituma kwanza kiasi kidogo cha majaribio. Kikafika salama. Kumbe kuna programu zinazokesha kwenye daftari zikitafuta miamala ya namna hiyo. Mwizi akatengeneza anwani nyingine, yaani namba ya kupokelea ya pochi, inayofanana na ile halali, kisha akafanya muamala usio na thamani na pochi ya mhanga, ili mradi anwani yake ionekane kwenye orodha ya miamala ya karibuni. Anwani zote mbili zilianza na 0xd9A1 na kuishia na 853a91. Katikati zilitofautiana kabisa, lakini programu nyingi za pochi huficha katikati kwa nukta tatu. Mhanga akaingia kwenye orodha, akanakili anwani ya karibuni, akatuma zote.

Kisa hicho kiliishia vizuri kwa namna ya ajabu. Macho ya watu wengi yalikuwa yanazifuata fedha zile kila zinapohamia, mwizi akajikuta ana mali asiyoweza kuitumia bila kujulikana, mazungumzo yakaanza kwa ujumbe ndani ya blokucheni yenyewe, na katika muda wa wiki moja hivi sehemu kubwa ilikuwa imerudi. Hakuna aliyezirudisha kwa nguvu. Mwizi alikosa pa kutokea.

Hilo ndilo linalotofautisha wizi wa kripto na wizi mwingine tuliouzoea. Ng'ombe akiibwa usiku, asubuhi unafuata nyayo mpaka zinapopotea mtoni. Hapa nyayo hazipotei. Mhanga anafungua pochi, anaona mstari wa juu kabisa umeandikwa kwamba fedha zimetumwa, saa tisa za usiku, wakati yeye amelala. Anaugusa. Ukurasa wa Tronscan, tovuti ya kusomea daftari la mtandao wa Tron, unafunguka na kila kitu kiko pale: anwani iliyopokea, ada iliyolipwa, namba ndefu ya muamala. Akiwahi, anaweza kuikuta USDT yake yote, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, imekaa kwenye anwani ya mwizi, haijaguswa. Anaweza kuitazama saa nzima. Jirani yake anaweza kuitazama, polisi wa Oysterbay wanaweza kuitazama, na hakuna kitufe cha kubonyeza.

Ugumu wa hali hii kwetu unaongezwa na malezi ya fedha za simu. Ukikosea namba Kenya, unaupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456 na Safaricom wanaanza kushughulikia. Tanzania unapiga huduma kwa wateja, unasubiri muziki uishe, unaeleza shida yako. Tumezoea kwamba nyuma ya kila muamala kuna mtu. Kwa hiyo jambo la kwanza analofanya aliyeibiwa kripto ni kutafuta huyo mtu, anaandika mtandaoni jina la pochi yake na maneno "huduma kwa wateja", au anaingia kwenye kundi la Telegram kueleza yaliyompata. Dakika tano hazipiti, ujumbe umeingia pembeni: "Pole sana kaka. Mimi niko kitengo cha usaidizi. Tunaona muamala wako umekwama. Ili tuurudishe, unganisha pochi yako hapa au tutumie yale maneno 12 tuthibitishe umiliki."

Akiwa hana maneno mengine ya kutoa, kwa kuwa pochi imeshakuwa tupu, atatafutwa na "mtaalamu wa kurejesha" ambaye anadai ada kidogo ya kuanzia, halafu ya programu, halafu ya kodi. FBI walitoa tahadhari kuhusu watu hawa Agosti 2023, na huku kwetu wamejaa kwenye maoni chini ya kila chapisho linalotaja neno kripto, wakisifiana wao kwa wao. Ni "ile hela tuma kwenye namba hii" iliyovaa suti. Hakuna mtu wa Telegram anayeweza kuurudisha muamala uliothibitishwa. Hayupo.

Lakini wale wanaosema kripto ikiibwa haina msaada kabisa wanasema nusu tu ya ukweli. Wapo wawili wenye uwezo wa kufanya jambo, na wote wanajulikana kwa majina. Wa kwanza ni mtoaji wa sarafu, pale sarafu inapokuwa na mtoaji. Bitcoin haina, kwa hiyo hakuna wa kumlilia. USDT inayo. Kampuni ya Tether inaweza kuifungia anwani yoyote isiweze kuhamisha USDT hata moja, na hufanya hivyo mara kwa mara vyombo vya dola vinapoomba. Hili lina uzito kwetu kuliko kwa wengine, kwa sababu mfanyabiashara anayelipia mzigo Guangzhou na kijana anayelipwa na mteja wa nje hawashiki bitcoin; wanashika USDT. Wa pili ni soko la sarafu, yaani zile kampuni za kununua na kuuzia kripto, ambako anwani ya mwizi inageuka kuwa akaunti yenye picha ya pasipoti.

Waulize waliotaka kutumia fedha za Bitfinex. Agosti 2016 soko hilo liliibiwa bitcoin zaidi ya 119,000. Kwa miaka mingi ziliendelea kuonekana zimekaa, nyingine zikisogezwa kidogo kidogo kupitia njia za kuficha. Ilya Lichtenstein na mkewe Heather Morgan walijitahidi sana kuzisafisha. Hati ya mashtaka inataja hadi kadi ya zawadi ya maduka ya Walmart. Februari 2022 wapelelezi wa Marekani walitwaa zaidi ya bitcoin 94,000, zikiwa na thamani ya dola bilioni 3.6 kwa bei ya wakati huo. Funguo zilikutwa kwenye faili ambalo Lichtenstein alikuwa amelihifadhi mtandaoni. Hata mwizi naye alikuwa na tatizo la pa kuweka maneno yake. Novemba 2024 alihukumiwa miaka mitano.

Sasa turudi nyumbani. Mwizi mwenye USDT akitaka shilingi, njia yake ya kawaida ni kuuza mtu kwa mtu kwenye soko la sarafu: anaweka tangazo, mnunuzi anamlipa kwa M-Pesa au Airtel Money au benki, soko linaachia sarafu. Upande mmoja wa biashara hiyo kuna akaunti iliyothibitishwa kwa kitambulisho. Upande wa pili kuna laini ya simu ambayo Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole. Mwizi anaweza kutumia laini ya mtu mwingine, hilo halina ubishi, ila hata huyo mtu mwingine ni pa kuanzia, na polisi wetu wamepasua kesi nyingi za simu kwa kuanza na mtu kama huyo.

Tazama basi sheria zilivyosimama. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka wananchi wasitumie sarafu hizi, kwa kuwa fedha halali ni shilingi. Tangazo hilo halijatoka vichwani mwa watu. Wapo walioibiwa wakakaa kimya, wakiogopa kwamba wakienda kituoni kufungua RB watajishtaki wenyewe. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, na ikamtwisha mwenye jukwaa au mwezeshaji jukumu la kuikata. Kwa maneno mengine, Bunge limekiri kwamba jukwaa lipo, kwamba mwenye jukwaa anaujua muamala, na kwamba anaweza kuusimamisha muda wa kutosha kutoa fungu la serikali. Anayeweza kuusimamisha kwa ajili ya TRA, anashindwaje kuusimamisha kwa ajili ya aliyeibiwa usiku wa jana?

Kenya imetembea zaidi. Ilianza na kodi ya asilimia 3 mwaka 2023, ikaiondoa 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, kisha Oktoba 2025 Rais William Ruto akatia saini sheria ya watoa huduma za mali pepe, yaani za kidijitali, inayozigawia Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini leseni peke yake haimsaidii mtu anayeandikisha OB saa kumi na mbili asubuhi mbele ya ofisa anayemuuliza: "Umeibiwa nini hasa? Iko wapi?" Na kosa lenyewe halihitaji mjadala wa kama kripto ni fedha au si fedha. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na Kenya ina sheria yake ya 2018. Ofisa anaweza kuandika maelezo leo hii. Anachokosa ni mafunzo ya kuusoma ukurasa wa Tronscan, na mtu wa kumpelekea namba ya muamala akapokea simu.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza, kwamba wadukuzi wa Pyongyang hawaji kuuza USDT Manzese. Kweli. Mlango wa hapa hautawakamata. Utawakamata fundi wa simu, mpangaji mwenzako, binamu aliyekusaidia kufungua pochi akabaki na picha ya maneno yako. Watu hawa hawana mashine za kuficha nyayo. Wanauza siku ile ile, kwa jina lao au la rafiki.

Ya pili ni nzito zaidi. Uwezo wa kufungia akaunti ukitolewa ovyo utawaumiza wauzaji wa kawaida, ambao siku moja walinunua USDT wasiyojua ilikotoka na wiki ya pili wakakuta akaunti ya benki imefungwa bila maelezo. Wafanya biashara ya mtu kwa mtu wanaijua adha hii. Kwa hiyo zuio liwe fupi, tuseme saa 72, lihusu kiasi kilichoripotiwa na si akaunti nzima, na likitaka kuendelea liende kwa hakimu. Aliyetoa taarifa ya uongo ashtakiwe.

Hadi hapo, aliyeibiwa afanye haya kabla ya kulia kwenye kundi lolote: ahamishie kilichobaki kwenye pochi mpya yenye maneno mapya, tena kwenye simu nyingine, anakili namba ya muamala na anwani ya mwizi, afungue RB au OB, aifuate anwani ile kwenye daftari mpaka ionekane imeingia kwenye soko gani, kisha aliandikie soko hilo kupitia tovuti yao halisi akiambatisha ripoti ya polisi. Mara nyingi atajibiwa kwamba soko linasubiri ombi rasmi la chombo cha dola, na mara nyingi ombi hilo halitoki kwa wakati. Hapo ndipo kanuni zinapohitajika. Dawati moja lenye namba inayopokelewa usiku na mchana, na muda wa kampuni yenye leseni kujibu uandikwe kwa saa, si kwa siku za kazi, kwa sababu muamala wa Tron huthibitishwa katika dakika moja hivi, hata ikiwa Jumapili.